Majibu Anapewa Nani? Daftari la Dar es Salaam, Butaro na Kampala

Dar es Salaam. Saa moja asubuhi mabenchi ya Ocean Road yameshajaa. Lafudhi za Bukoba, Singida na Masasi zimekaa pamoja, kila mtu na faili lake mapajani. Jengo la zamani lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, likitazama bahari. Taasisi ya saratani yenyewe ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na mashine mpya za mionzi zilifungwa 2018.

Wanawake wengi hapa wana saratani ya shingo ya kizazi, na wengi wao hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Mionzi yake kwa kawaida ni siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki tano, pamoja na dripu ya kemo mara moja kwa wiki, kisha hufuata mionzi ya ndani. Kwa hiyo mtu wa Mpanda hana budi kuhamia mjini. Anafikia kwa shemeji Mbagala, anapanda daladala alfajiri akiwa na kichefuchefu, na jioni anarudi kulala sebuleni kwa watu.

Kabla ya kuanza, wataalamu humchora mgonjwa alama za wino mwilini, ili miale ilenge palepale kila siku. Huambiwa asizisugue. Mama mmoja niliyekaa naye alinionyesha pindo la khanga yake lililoingia wino. Alikuwa akioga kwa kujimwagia maji mabegani tu, akiogopa kuzifuta. Nikamuuliza kama ameelezwa alama hizo ni za nini.

"Hayo anajua kijana wangu."

Majibu ya kipimo cha kinyama alikuwa ameyapokea kijana, katika hospitali ya mkoa wao, akiwa amesimama koridoni na daktari. Mama aliachwa kwenye kiti, akaambiwa ana uvimbe unaohitaji matibabu ya Dar. Miezi imepita tangu hapo na mtoto bado anaamini amemlinda mamaye. Nilipomgusia jambo hilo, mama alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, kuna mtu analetwa Ocean Road kwa malaria?"

Alikuwa anajua. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Ana shamba lisilo na hati, ana mjukuu anayemlea, na hakuna aliyemwambia kama apange mambo ya miezi au ya miaka. Naujua upendo unaotufanya tuwafiche wazazi wetu habari mbaya, ila nimeshakaa na wagonjwa wengi mno kuendelea kuutetea. Mgonjwa asiyeambiwa huachwa peke yake na jambo ambalo nyumba nzima inalijua.

Siku hiyohiyo nilimwona daktari kijana akivuta kigoda hadi magoti yake yakakaribiana na ya bibi mmoja. "Shikamoo, bibi." Alisubiri aitikiwe, akafungua faili, akamweleza ugonjwa umefika wapi, mionzi itafanya nini na haitafanya nini. Kisha akamwomba amrudishie kwa maneno yake mwenyewe. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko foleni ya dirisha la malipo. Bibi alitoka akiwaeleza wanawe, badala ya wao kumweleza yeye.

Butaro, kaskazini mwa Rwanda. Hospitali iko juu ya kilima wilayani Burera, kuta zake za mawe meusi ya volkano, na kitengo cha saratani kilifunguliwa 2012. Wodini vitanda vimepangwa mgonjwa atazame dirisha na bonde, wala asimtazame mgonjwa mwenziwe. Daktari, muuguzi na mgonjwa wote wana Kinyarwanda, na tiba ilianza kutolewa na madaktari wa kawaida wakifuata miongozo na kushauriana na mabingwa wa Boston. Kilichonigusa zaidi ni kwamba swali la nauli na chakula huulizwa kliniki, kama sehemu ya matibabu. Mionzi haikuwapo nchini hadi Kigali ilipopata mashine zake 2019. Kabla ya hapo wagonjwa walivushwa mpaka, wengine kwenda Kampala.

Kampala nako kulikuwa na mtihani wake. Taasisi ya saratani pale Mulago ni ya 1967, na ilitokana na uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza kitaalamu mwaka 1958. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika moja kwa moja, na nyingine haikuzinduliwa hadi 2018. Waliokuwa na uwezo walikwenda Nairobi. Serikali iligharamia baadhi, wengine wakarudi vijijini.

Wapo pia wagonjwa wanaovuka kutoka Kongo. Mama wa Bunia niliyekutana naye hakujua Kiganda wala Kiingereza. Alitafsiriwa na jirani wa kitandani aliyejifunza Kiswahili jeshini. Alimshukuru sana, lakini ilibidi aeleze habari za tumbo lake la uzazi kupitia kinywa cha mwanamume asiyemjua.

Na bado, kwenye kutuliza maumivu, Uganda imetutangulia. Shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa 1993 na Dkt. Anne Merriman, linatengeneza mofini ya maji kutokana na unga na kuitia rangi kulingana na nguvu yake. Ile nyepesi ni ya kijani, hivyo hata asiyesoma hachanganyi chupa. Mgonjwa hatozwi chochote. Tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Nilimfuata muuguzi mmoja nyumbani kwa mgonjwa. Swali lake la kwanza lilikuwa, usiku umelala? La pili, unataka kujua nini kuhusu ugonjwa wako? Alimuuliza mgonjwa mwenyewe, mume akiwa amekaa pembeni.

Ocean Road nayo imekuwa ikitengeneza mofini ya maji kwa ajili ya hospitali nyingine, kwa hiyo ujuzi tunao. Ninachotaka kukiona Mpanda na Masasi ni muuguzi wa zahanati mwenye chupa ile, mwenye mamlaka ya kuiandika, na mwenye ruhusa ya kumuuliza mama maswali yale mawili.