Raba ya Mlango wa Nyuma

Mjomba wangu alikuwa akiumwa kichwa kila Jumapili. Siku nyingine sita alikuwa mzima. Mke wake alilaumu jua, mama yangu akalaumu presha, na yeye mwenyewe alilaumu mahubiri marefu. Hakuna aliyelilaumu gari analoendesha Jumapili pekee, kwa sababu katika familia yetu Datsun 240Z ya mwaka 1972 hailaumiwi.

Heshima hiyo ilitoka kwenye Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Mehta alilingana alama na Harry Källström, akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Pasaka ile Mjomba alikuwa mtoto, amesimama kando ya barabara ya vumbi. Alipotimiza miaka 40 alinunua la kwake, na tangu hapo hujivunia kwamba kila kitu ndani yake ni kile kilichotoka nalo Japani. Hata raba.

Raba ndiyo niliyoifahamu mimi. Nasomea uzamili wa kemia, na utafiti wangu unahusu mpira. Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyofungamanishwa kwa salfa, ndiyo maana ukiubonyeza hurudi ulivyokuwa. Jua, joto na ozoni huuharibu taratibu, ukawa mgumu, ukapasuka. Nilipopitisha kidole kwenye raba ya mlango wa nyuma wa gari lile, kidole kilitoka na unga mweusi.

Mlango huo hufunguka kwenda juu pamoja na kioo chake, na bomba la ekzosi liko chini yake. Gari likienda, hewa iliyo nyuma yake huzunguka-zunguka na kubeba moshi. Raba ikiwa na upenyo, moshi huingia ndani. Tena ukifungua dirisha la mbele, unauvuta zaidi. Mjomba, kila kichwa kilipoanza kumgonga, alifungua dirisha apate hewa safi. Na ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, isiyo na harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Nilipomweleza, alisikiliza hadi mwisho. "Mpwa wangu," akasema, "ukianza kubadilisha, utaishia wapi?"

"Hapo utakapoacha kuumwa kichwa, Mjomba."

Mke wake ndiye aliyekata shauri. Barabara ya Kirinyaga tulikosa raba ya umbo lile, ikabidi iagizwe ng'ambo.

Ile ya zamani ilitoka vipande vipande, kama maganda. Gundi kavu tuliiondoa kwa tina na kisu butu. Chini yake tulikuta kutu iliyotambaa upana wa kiganja. Raba iliyopasuka ilikuwa ikinyonya maji ya mvua na kuyashikilia kwenye bati. Mjomba alichuchumaa, akaigusa kutu ile kwa muda mrefu. Kitu alichokitunza kwa sababu ni cha asili kilikuwa kikiila ile asili yenyewe. Akainuka, akaenda kuleta msasa bila kuambiwa.

Kuvalisha raba mpya hakutaki nguvu. Ukiivuta ili ifike, kesho itajikunja na kuacha upenyo pembeni, kwa hiyo tuliisukuma kidogo kidogo kwa vidole. Tulibadilisha na raba za taa za nyuma, kwani moshi hupita hata huko. Kisha tukafunga mlango juu ya kipande cha gazeti na kukivuta, tukirudia kuzunguka ukingo wote. Palipoteleza, tulirekebisha.

Ni wiki ya sita sasa, na kichwa hakijauma. Dawa za presha bado anameza, maana presha nayo anayo kweli. Analalamika kwamba gari limekuwa kimya mno, na kwamba mlango wa nyuma unakataa kufunga. Nimemwambia asiubamize, raba mpya huchukua muda kulala. Basi huweka viganja viwili juu ya bati, akabonyeza polepole hadi asikie komeo limeshika.