Shika Breki Kabla ya Kupakia

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuzungumza na wakulima juu ya mikorosho, mihogo na mananasi. Mwezi huu nitazungumza nawe juu ya baiskeli, hasa baiskeli kwenye mteremko. Ninayo sababu, na nitaieleza.

Wewe unayekaa Soga unaijua nchi yetu. Siyo nchi ya milima kama Uluguru. Lakini shika njia za kwenda upande wa Kisarawe, na mara unaanza kupanda na kushuka. Unashuka bondeni, unavuka kijito, unapanda tena. Mahali pengine ni mchanga unaomeza tairi. Mahali pengine ni udongo mwekundu ambao mvua za masika zimeuchimba mifereji. Vilima vya Pugu si virefu. Hata hivyo mtu mwenye magunia mawili nyuma ataviona virefu.

Watu wengi huogopa kupanda. Mimi nasema kupanda kunachosha tu. Ukichoka unateremka, unasukuma, unapumzika chini ya mwembe. Kushuka ndiko kunakovunja watu.

Ilikuwa mwezi wa Julai, mwaka 2009. Nilikuwa na baiskeli ya Phoenix, ile nyeusi kutoka China yenye breki za vyuma. Wakati ule wakulima walikuwa wakipuliza mikorosho salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Nilipakia mifuko miwili ya salfa ya unga, kila mmoja kilo 25, nikaifunga kwa mpira nyuma ya kiti. Nikaondoka.

Raba za breki ya nyuma zilikuwa zimekwisha. Sikusema kwamba sikujua. Nilijua kwa muda wa wiki mbili. Kila asubuhi nilisema leo nitapita kwa fundi, na kila asubuhi niliona kazi ya wakulima ina haraka zaidi. Raba zile bei yake haikuzidi chai na maandazi.

Nilifika juu ya mteremko mmoja mrefu. Nilikuwa nimeushuka mara nyingi, lakini bila mzigo. Nikaanza kushuka polepole, nikibana breki ya mbele peke yake. Katikati ya mteremko nilisikia kitu kinalia, kisha mkono wa breki ukawa mwepesi. Chuma kilikuwa kimechomoka. Kuanzia hapo baiskeli ilikwenda yenyewe.

Mzee mmoja alikuwa akipanda na dumu la maji begani. Nilipiga kengele. Nilipiga kelele. Yeye akasogea upande wa kushoto ili anipishe, na mimi nikakata upande huo huo ili nimkwepe.

Mimi nilichubuka magoti na viganja. Mzee alivunjika mfupa wa muundi. Mifuko ilipasuka na salfa ikatumwagikia sote wawili, tukawa njano kama binzari. Watoto waliokuja mbio walicheka kwanza. Halafu wakaona mguu wa mzee, wakanyamaza.

Tulimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, na kutoka huko akapata gari la kwenda hospitali. Alifungwa plasta. Mikorosho yake ilikuwa bado haijapulizwa. Nilikwenda kuipuliza mimi mwenyewe baada ya siku kumi, lakini maua mengi yalikwisha kukauka. Msimu ule mkewe aliokota korosho kidogo sana. Mjukuu wake alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari, na korosho ndizo zilizokuwa zimnunulie sare na madaftari. Nilitoa nilichoweza. Mtoto alichelewa kuanza masomo kwa wiki kadhaa. Haya yote yalitokana na vipande vya raba vidogo kuliko kidole gumba.

Kwa hiyo, ndugu yangu, fanya jambo moja kabla ya kupakia chochote. Shika breki. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono, kisha bana. Lisimame papo hapo. Halafu bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele. Gurudumu la mbele likatae kuzunguka. Ukimaliza kupakia, jaribu tena mahali tambarare. Isukume hatua kumi, kisha bana. Breki inayosimamisha baiskeli tupu huenda isisimamishe baiskeli yenye kilo 50.

Tazama na raba zenyewe. Kwenye baiskeli kama Phoenix, vyuma huvuta raba juu zikabana upande wa ndani wa rimu. Raba ikilika, ile chuma inayoishika ndiyo inayogusa rimu, na utasikia ikikwaruza. Usingoje kusikia. Angalia pia skrubu na nati zote za vyuma vya breki, maana ndizo zilizonisaliti mimi. Na usipake mafuta kwenye rimu ili ing'ae. Nimemwona kijana akifanya hivyo siku ya Idi. Baiskeli ilipendeza, lakini haikusimama.

Siku hizi vijana wengi wana baiskeli za gia za mtumba, zile zenye tairi pana zenye meno. Wanaziita baiskeli za milimani. Ni nzuri kwa njia zetu. Tairi pana halizami upesi mchangani, na gia nyepesi hukupandisha kilima bila kusimama. Badilisha gia kabla hujaanza kupanda. Ukibadilisha katikati ya kilima huku ukikanyaga kwa nguvu, mnyororo huruka au hukatika.

Lakini baiskeli hizi hutumia waya wa breki. Waya huanza kukatika uzi mmoja mmoja karibu na mkono wa breki, mahali ambapo jicho halifiki upesi. Ukiona hata uzi mmoja umechomoza, badilisha waya. Tena, baiskeli za mtumba hutoka nchi mbalimbali. Nyingine mkono wa kulia hushika breki ya mbele, nyingine hushika ya nyuma. Usibahatishe. Bana mmoja mmoja uone.

Nilipata kusoma jinsi baiskeli za milimani zilivyoanza, nikacheka peke yangu. Huko Marekani, katika jimbo la California, kaskazini ya mji wa San Francisco, kuna njia ya udongo inayoshuka kiasi cha mita 400 katika kilomita 3 na kitu. Mwaka 1976 vijana wa huko walianza kushindana kushuka njia hiyo. Walitumia baiskeli kuukuu, nzito, zenye breki ndani ya gurudumu la nyuma. Ukikanyaga pedeli kinyumenyume, ndipo inasimama. Breki zilipata moto kiasi cha kuunguza grisi na kutoa moshi. Kila baada ya kushuka walilazimika kufungua gurudumu na kutia grisi mpya. Kwa hiyo wakaiita njia ile Repack, maana yake kupakia upya. Kutokana na michezo ile, mafundi walitengeneza baiskeli mpya zenye nguvu na breki bora. Basi na wao walianza kwa shida ya breki kama mimi, ila wao walikuwa wakicheza.

Na wenzetu wa Goma, mashariki ya Kongo, wanayo chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli wala mnyororo. Hubebea viazi, mkaa na mbao kushuka kutoka milimani. Hata chombo hicho cha mbao kina breki. Ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, na mwendeshaji hukikanyaga. Hapa kwetu wapo wanaokanyaga tairi kwa kandambili na kusema hiyo ndiyo breki. Hiyo ni njia ya kupoteza kandambili, na pengine vidole.

Sasa juu ya mteremko wenyewe. Simama ukiwa bado juu. Kama huoni mwisho wa mteremko, au kama njia ina kona, teremka usukume. Usione haya. Ukisukuma, kaa upande mmoja wa baiskeli, mikono yote miwili kwenye breki, na uende nayo polepole. Ukiamua kupanda na kushuka nayo, anza kubana breki zote mbili mapema, kidogo kidogo, kabla kasi haijakua. Kasi ina hesabu yake. Ukienda kasi mara mbili, mwendo unaohitaji ili kusimama huwa mara nne. Kama ulihitaji hatua 3, sasa unahitaji 12. Wanaosema watabana wakifika karibu na kona hawajaifanya hesabu hiyo.

Breki ikikatika, amua upesi wakati kasi bado ni ndogo. Elekeza baiskeli kwenye mchanga, kwenye nyasi ndefu au kwenye ukingo unaopanda. Mimi nilingoja nikitumaini njia itanyooka.

Mzigo ufungwe chini, uzito uwe sawa pande zote mbili. Gunia likikaa juu sana, baiskeli huyumba kwenye kila shimo. Likining'inia nyuma sana, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani haukutii. Mwisho wa kamba au mpira uuchomeke vizuri usije ukaingia kwenye spoki. Wabeba mkaa wanajua mambo haya kuliko mimi, lakini hata wao hupakia gunia la tatu pale ambapo mawili yangetosha.

Wakati wa mvua ongeza tahadhari. Rimu ya chuma ikilowa, breki hupoteza nguvu nyingi. Utabana na baiskeli itaendelea kuteleza kana kwamba hujabana. Udongo mwekundu nao hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakwama. Beba kijiti cha kuukwangua. Ukivuka kijito, bana breki mara mbili tatu ili raba ziipanguse rimu.

Sisi wa Soga tunalo jambo jingine, nalo ni reli. Reli ya zamani ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na njia nyingi za miguu zinaikatiza. Usivuke reli kwa kuandama nayo. Tairi litaingia kwenye ufa kando ya chuma, nawe utaanguka palepale. Vuka kwa kuikata moja kwa moja, na kama reli imelowa, teremka usukume. Angalia kulia na kushoto kwanza. Reli mpya ya mwendo kasi, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria mwaka 2024, ina uzio, na nyaya zake zina umeme wa volti 25,000. Usikate uzio ili kufupisha njia. Tumia vivuko vilivyojengwa, hata kama unazunguka. Treni ile huenda mpaka kilomita 160 kwa saa. Ukiisikia, imekwisha kufika.

Ukitaka kupita njia za msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, uliza kwanza kwa wahifadhi. Siku hizi watu wa mjini hulipa ili kuendesha baiskeli mle kwa burudani. Nimewaona. Kila mmoja amevaa kofia ngumu kichwani na amebeba maji, pampu na viraka. Vijana wetu huwacheka kwa zile kofia. Mimi siwacheki. Mguu wa mzee uliungwa. Kichwa kikipasuka, hakuna plasta ya kukiunga. Ukiweza kupata kofia ngumu, hata ya mtumba, vaa. Usiku uwe na taa mbele na kioo chekundu nyuma. Usiposhika tochi, dereva wa lori hatakuona, hata kama wewe unamwona vizuri.

Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki kwa maofisa ugani, na siku hizi huenda mbali kwa pikipiki. Lakini baiskeli yangu bado ninayo, nami huipanda mara kwa mara. Petroli haiji yenyewe.

Yule mzee yu hai. Anachechemea kidogo, hasa siku za baridi. Mjukuu wake alimaliza shule, sasa ana duka dogo. Nyumba yake iko kando ya njia, juu kidogo ya ule mteremko. Kila nikipita kwa baiskeli nasimama na kumwamkia, "Shikamoo mzee." Naye huitika, "Marahaba, bwana shamba." Kisha hunyoosha fimbo yake kwenye gurudumu la nyuma na kungoja. Mimi nashuka, naliinua, nalizungusha, nabana breki. Likisimama, ananiambia nipite. Mwaka jana mara moja lilichelewa kusimama. Aliniambia niiache baiskeli pale ukutani kwake, niende kwa miguu. Nikaenda kwa miguu.