Lugha Iliyofungwa Mnyororo

Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi maisha ya mchoraji mmoja wa kabila la Wanavajo, Carl Gorman, aliyezaliwa mwaka 1907 huko Chinle, katika jimbo la Arizona nchini Marekani.

Alipokuwa mtoto alipelekwa katika shule ya misheni, na humo lugha ya mama yake ilikuwa mwiko. Alipozidi kuisema, alifungwa mnyororo kwenye bomba la chuma katika chumba cha chini ya nyumba, akakaa humo juma zima. Inatuuma kuyaandika hayo, kwa kuwa shule hiyo ilikuwa ya watu wa sala, walioamini kwamba wanamwokoa.

Mwaka 1942 Marekani ilikuwa vitani na Japani. Kikosi cha wanamaji kikatafuta lugha ambayo adui asingeweza kuifumbua, na lugha hiyo ikawa Kinavajo. Gorman, mwenye umri wa miaka 34, alikuwa miongoni mwa vijana na watu wazima 29 waliotunga mafumbo ya kwanza. Sisi tumezoea kuliita gari la deraya kifaru. Wao waliliita kobe. Nyambizi waliiita samaki wa chuma, na mabomu wakayaita mayai. Wajapani hawakuyafumbua kamwe. Lugha iliyofungwa mnyororo ikaokoa maisha ya maelfu.

Kazi hiyo ilibaki siri ya serikali hadi mwaka 1968. Gorman hakuruhusiwa kuisimulia, lakini mkono wake haukunyamaza. Baada ya vita alisomea uchoraji huko Los Angeles, akachora farasi na maisha ya watu wake. Wengi walitazamia mchoraji Mwindi wa Marekani achore kwa mtindo mmoja tu, ule uliohesabiwa kuwa wa asili. Yeye alijaribu mitindo mingi na rangi za kila namna. Kumbe hata sifa yaweza kuwa mnyororo! Baadaye alifundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha California, huko Davis, ambako makumbusho yenye jina lake yalianzishwa mwaka 1973. Mwanawe, R.C. Gorman, naye akawa mchoraji mashuhuri.

Mzee Gorman alifariki mwaka 1998. Nishani ya dhahabu ya wale 29 ilitolewa mwaka 2001, naye hakuwapo kuipokea.

Wapendwa, wengi wetu tunakumbuka kibao tulichovikwa shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Na leo, sisi wazazi, walimu na mapadre, ni mtoto gani tunayemnyamazisha huku tukidhani tunamlea? Tusingoje vita vitufundishe thamani ya kile tulichokifunga. Tukifungue sasa, angali mtoto.