Paneli ya Jua Nayo Yataka Upepo

Mzee jirani yangu alinunua paneli ya jua kwa fedha za mahindi, ili wajukuu wasome usiku. Alipotaka kuilaza juu ya bati, nilimsihi aiinue kidogo. Akastaajabu: jua kali si ndilo tulitakalo?

Twataka mwanga, si joto. Paneli ni vipande vya silikoni, kitu kitokacho mchangani. Silikoni haipitishi umeme vizuri kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama mpira. Ndiyo maana huitwa semikondakta. Upande mmoja hutiwa chembe chache mno za fosforasi, upande wa pili za boroni. Mwanga ukiipiga, elektroni hufunguka, na pale pande hizo zikutanapo husukumwa njia moja. Huo ndio umeme.

Lakini joto nalo huzifungua elektroni ovyo, na ule msukumo, yaani volti, hupungua. Nguvu iliyoandikwa nyuma ya paneli ilipimwa katika nyuzi 25. Ikifika nyuzi 65, hupotea kama sehemu moja katika saba.

Basi acheni nafasi ya nusu shubiri juu ya bati, upepo upite. Upepo haununuliwi.