Shangazi Analalia Mito Mingapi?

Kazi inayonilisha hapa Kansas City ni ukalimani. Hospitali ikipata mgonjwa anayejua Kiswahili tu, mimi huitwa, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe si Mkenya bali ni mkimbizi kutoka Kongo mashariki, mtu wa Uvira au Fizi, aliyekaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa kwenye baridi ya Missouri. Katika kliniki ya moyo ninayoitwa zaidi, hujaonana na daktari, hujapimwa hata presha, unapewa kwanza kishikwambi chenye maswali 12. Kazi yangu inaanzia hapo.

Maswali yenyewe ni ya maisha ya kila siku. Majuma mawili yaliyopita umepata taabu kiasi gani ukioga? Je, ukitembea mahali tambarare? Umeamka mara ngapi na miguu imevimba? Mara ngapi umelazimika kulala umeketi, au umejiegemeza kwenye mito 3, ili upate pumzi? Ugonjwa huu umekupunguzia raha ya maisha kiasi gani? Majibu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100, na 100 ni ya mtu asiyesumbuliwa na chochote. Mgonjwa aliyekuwa na 60 safari iliyopita akija leo na 50, daktari akifungua mlango tayari anajua pa kuanzia. Tofauti ya alama 5 tu huhesabiwa kuwa badiliko la kuangaliwa.

Fomu hii ilizaliwa mji huu huu. Madaktari huiita KCCQ, na herufi mbili za mwanzo ni Kansas City. Aliyeitunga na wenzake ni John Spertus, daktari wa moyo wa hapa, na ilichapishwa mwaka 2000 ikiwa na maswali 23. Mwaka 2015 ikatolewa ile fupi ya 12, na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikubali rasmi KCCQ kuwa kipimo cha kuonyesha kama dawa mpya ya moyo inamfaa mgonjwa au la. Zamani kipimo kilikuwa jicho la daktari. Tangu 1928 wagonjwa wa moyo wamekuwa wakipangwa katika madaraja 4, na anayepanga ni daktari, kwa kumtazama mgonjwa na kumuuliza mawili matatu. Madaraja hayo yangali yanatumika, ila sasa mgonjwa naye ana kalamu.

Msinione nasifu tu. Fomu iliyotungwa Missouri inawaza Kimissouri. Inauliza kama unaweza kutembea urefu wa mtaa mmoja, kwa hesabu ya miji iliyopimwa kwa rula. Inauliza kama unaweza kuharakisha hatua, mfano kulikimbilia basi. Mama mmoja alinicheka: yeye basi halikimbilii, akilikosa anangoja jingine, kwani kuna nini? Mkalimani haruhusiwi kubuni swali lake, basi nikamgeukia muuguzi nikamweleza tulipokwama, tukatafuta pamoja mfano unaolingana. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa jina la ugonjwa. Siku zangu za kwanza nililitafsiri neno kwa neno, kwamba moyo umeshindwa. Mzee akaniuliza kwa upole kama awaite wanawe waje waagane. Tangu siku hiyo nasema moyo umepungua nguvu za kusukuma damu. Kwetu watu wengi husema tu "ana moyo mkubwa," na huwa wamelenga, kwa kuwa moyo uliochoka mara nyingi hutanuka.

Sasa nije nyumbani.

Shangazi yangu anakaa Mambrui, ukitoka Malindi ukavuka daraja la Sabaki. Alikuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, na kabla ya adhana ya alfajiri ungesikia mbuzi yake ikikwaruza nazi. Mwaka juzi akaanza kumpa mjukuu kazi ya kukuna. Watu wa nyumbani wakasema amezeeka, wengine wakasema biashara inaenda vizuri, amekuwa tajiri. Baada ya miezi kadhaa akaanza kuswali kwenye kiti. Hilo nalo likaelezwa kwa magoti. Miguu ilipovimba hata viatu vikamkataa ndipo akapelekwa kituo cha afya, na kutoka hapo Mombasa, kilomita zaidi ya 120, kupigwa picha ya moyo.

Nilipompigia simu nikamuuliza mwenyewe, taratibu, kwa nini aliacha kukuna nazi. Akasema: "Mwanangu, nikiinama pumzi inakatika. Nikienda sujudu naona giza."

Mwaka 2014 madaktari wa Dallas, Texas, waliandika kuhusu dalili hiyo hiyo. Walikuwa wamegundua kwamba baadhi ya wagonjwa wa moyo wakiinama kufunga kamba za viatu hukosa pumzi ndani ya nusu dakika, wakaipa jina la kitaalamu na kueleza kwamba kuinama kunazidisha shinikizo ndani ya moyo ambao tayari umejaa. Kule waliifikia kwa kamba za viatu. Mambrui ingefikiwa kwa mbuzi ya nazi na mswala, na mapema zaidi, kwa sababu Mwislamu anayeswali hujipima mara 5 kwa siku bila kujua kwamba anajipima. Lakini fomu ya Kansas City haina sujudu ndani yake, na kliniki ya Mambrui haina fomu.

Ina daftari. Kila aliyetibiwa kwenye hospitali zetu za umma analijua: lile la shule, la kurasa 32, mgonjwa hulinunua dukani na kuja nalo. La shangazi nililipitia nilipokwenda likizo. Tarehe, presha, uzito, majina ya dawa, tarehe ya kurudi. Kurasa 9, na hakuna hata sentensi moja aliyoisema yeye. Simlaumu muuguzi, kwa kuwa foleni niliiona, na aliyekuwa akiandika alikuwa mmoja.

Tena shangazi mwenyewe hakusaidia. Nilikaa naye kliniki nikamsikia akiulizwa, "Hujambo mama? Waendeleaje?" Akajibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Jibu lingekuwa lipi jingine? Tumelelewa hivyo. Hujambo ni swali ambalo jibu lake limeshaamuliwa, na mtu mzima akianza kutaja maradhi yake mbele ya kijana asiyemjua huonekana hana stara. Kwenye kibaraza jioni, shangazi huyo huyo aliwaeleza mashoga zake kila kitu: usiku hukaa kitako kama mlinzi, moyo unamwenda mbio akienda chooni, na ile dawa ya kukojoa haimezi siku ya kliniki. Haimezi kwa sababu matatu haisimami njiani na yeye hawezi kujiaibisha. Yaani siku pekee ambayo daktari humwona ndiyo siku ambayo hakumeza dawa, na dozi huongezwa kwa hali ya siku hiyo. Mashoga zake wanne walilijua hilo. Kliniki hawakulijua.

Lakini si kweli kwamba pwani yetu haijui kuuliza. Kilifi imeulizwa maswali kuliko pengine mji wowote wa ukubwa wake Afrika Mashariki. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kiko pale tangu 1989, pembeni ya hospitali ya kaunti. Tangu mwaka 2000 watafiti wake huenda nyumba hadi nyumba, katika eneo lenye watu wanaokaribia 300,000, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Kuanzia 2008 wakaongeza jambo: mtu akifa, mhoji huja baada ya matanga, hukaa na wafiwa, huwauliza marehemu aliugua vipi. Hiyo ni njia ya kujua vyanzo vya vifo mahali ambapo wengi hufia nyumbani bila cheti cha daktari, na nchi nyingi zinaitumia. Ukilisoma dodoso la Shirika la Afya Duniani linalotumika kwa mahojiano ya namna hii utashtuka kidogo. Je, miguu yake ilivimba? Je, alikosa pumzi akilala chali? Je, alishindwa na kazi zake za kawaida kwa sababu ya pumzi?

Ni yale yale ya kwenye kishikwambi. Kansas City huulizwa mgonjwa. Kwetu huulizwa mjane wake.

Na wajane wenyewe ni vijana. Utafiti mmoja mkubwa wa wagonjwa wa moyo uliochoka, uliofanywa kati ya 2007 na 2010 kwenye hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na chanzo kikuu ni presha ya kupanda. Hapa Marekani wagonjwa wengi wa moyo ninaowaona kliniki, ukiwaacha Wakongo, wameshapita 70 na wana pensheni. Mgonjwa wa Malindi bado anapanda mnazi, bado anavuta jarife, bado ana watoto wa shule.

Nisije nikawauzia kishikwambi kama dawa. Chuo Kikuu cha Stanford kiligawa wagonjwa wa moyo zaidi ya 1,200 mafungu mawili. Fungu moja likajaza KCCQ na madaktari wao wakapewa majibu, jingine likatibiwa kama kawaida. Madaktari waliopewa majibu waliwaelewa wagonjwa wao vizuri zaidi. Lakini baada ya mwaka, wagonjwa wa mafungu yote mawili walikuwa wakijisikia sawasawa. Linganisha na hospitali moja ya saratani New York, ambayo matokeo yake yalitoka 2017: wagonjwa walioripoti dalili zao kwa kompyuta, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 31, na wenzao ambao hawakuripoti, miezi 26. Kule New York jibu baya lilimfikia muuguzi papo hapo, naye akachukua simu. Mimi tofauti naiona hapo kwenye simu ya muuguzi, ingawa saratani na moyo ni magonjwa mawili na mtaalamu anaweza kunibishia.

Kwa hiyo sitaki kaunti ya Kilifi inunue vishikwambi. Kitu cha kuulizia tunacho. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha, na simu ya kuingizia taarifa za kila nyumba. Anayekuja kwa shangazi ni jirani yake, binti wa watu anaowajua, anamwamkia shikamoo na kuketi mkekani. Huyo hawezi kupewa jibu la "sijambo" likaishia hapo. Aongezewe maswali 5 kwenye simu hiyo, yaliyotungwa kwa Kiswahili cha hapa na kwa Kigiriama, si kutafsiriwa kutoka Missouri: Unalalia mito mingapi? Viatu vinakuingia? Ndoo ya maji unaifikisha bila kuitua? Ukiinama kukuna nazi, kupalilia au kusujudu, pumzi inakuwaje? Dawa ya kukojoa umeimeza jana, na kama hukuimeza, ulikuwa na safari? Na jibu likiwa baya, simu ilie kwa muuguzi mmoja mwenye jina, Malindi, Mariakani au Ganze, ambaye kazi yake siku hiyo ni kupiga. Bila huyo muuguzi, maswali hayo yaachwe tu. Watu wa Kilifi wameshahojiwa vya kutosha.

Sisi tulioko mbali tumeanza bila kungoja kaunti. Kila Jumapili nampigia shangazi, tunamaliza salamu zote kama ada inavyotaka, kisha namuuliza hayo 5, na mjukuu anaandika majibu nyuma ya daftari lake la kliniki. Safari iliyopita muuguzi aliyasoma. Akamwambia siku ya kliniki asiiache dawa ya kukojoa, aimeze akisharudi nyumbani. Shangazi sasa analalia mito miwili, ilikuwa minne. Nazi bado anakuna mjukuu.

Nawe ukimpigia mzee wako wiki hii, ukishamaliza hujambo, muulize mito mingapi, kisha mwambie aliye karibu naye aiandike.