Kiti cha Mama, Neno la Mjomba

Kwa Wamakonde, kama ilivyo kwa jirani zao Wayao na Wamakua, ukoo kwa mila huhesabiwa upande wa mama. Msomaji wa mwambao, aliyezoea nasaba ya baba na babu, huenda akadhani kwamba Newala juu ya uwanda, na Masasi chini yake kwenye vilima vya mawe, mwanamke ndiye mwenye kauli. Sivyo. Ukoo hupita kwa mama, lakini neno la mwisho, tangu posa hadi mirathi, aghalabu lilikuwa la mjomba. Mwanamke ni njia; aipitaye ni mwengine.

Atakaye kuuelewa utaratibu wa Viti Maalumu katika Bunge la Tanzania angefanya vyema kuanza na huyo mjomba.

Profesa Ruth Meena, mtaalamu wa sayansi ya siasa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilishika suala hili mapema. Novemba 2003 aliwasilisha mjini Pretoria mada juu ya siasa ya mgao wa viti nchini Tanzania. Ugumu haumo katika idadi. Idadi imepanda: viti 15 vya mwaka 1985 vilifika 113 mwaka 2015. Ugumu ni kujua nani anayemweka mwanamke kitini, maana huyo huyo ndiye awezaye kumwondoa.

Mpiga kura wa Newala akiingia kituoni hupewa karatasi ya rais, ya mbunge na ya diwani. Mgombea wa Viti Maalumu hamo. Viti hivyo hugawiwa vyama kwa kadiri ya kura zao, na kila chama huleta orodha yake. Orodha ndiyo mjomba. Katiba nayo inamtaka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo, na mfuko wa kuchochea maendeleo, uliowekewa sheria mwaka 2009, huenda jimboni. Mbunge wa Viti Maalumu ataitwa mheshimiwa, ila fungu la kuchimbia kisima hana. Na kule uwandani, ambako mchanga huyanywa maji ya mvua na wanawake huteremka mabondeni kuyatafuta, kisima si tamathali ya usemi.

Haikosi kusemwa kwamba wapiga kura wenyewe hawamtaki mwanamke. Masasi mwaka 2010 ilimchagua Mariam Kasembe kuwa mbunge wa jimbo, akapambana na kura kama wanaume wanavyopambana nazo. Hata hivyo walio kama yeye ni wachache: mwaka 2005 wanawake walitwaa majimbo 17 tu kati ya 232. Wala haifai kuubeza mlango wa Viti Maalumu. Samia Suluhu Hassan aliupitia mwaka 2000 kuingia Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2010 akaliomba jimbo la Makunduchi akalipata, na Machi 2021 akaapishwa kuwa rais. Mlango upo. Walioutoka na kwenda kuomba jimbo ndio haba.

Hapo ndipo vyombo vya habari vinapoingia, kwani jimbo haliombwi na asiyesikika. Kwa habari, kusini si maskini. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyahariri magazeti ya Uhuru na Daily News kabla ya kuwa rais. George Mkuchika, aliyechaguliwa Newala mwaka 2005, alikuwa waziri wa habari pale gazeti la MwanaHalisi liliposimamishwa kwa miezi mitatu, Oktoba 2008. Aliyehariri na aliyefungia, wote wanaume wa huko huko. Waandishi wanawake wa Tanzania, walioanzisha chama chao cha TAMWA mwaka 1987, walipotafuta jina la jarida lao walikuja kulichukua Unguja: Sauti ya Siti. Walijua watendalo. Siti binti Saad, msichana wa Fumba, alisikika kwa santuri kabla hajatokea mtu wa kumuuliza rai yake.

Bibi Titi Mohamed naye alitoka katika ngoma akaingia TANU mwaka 1955, akawaleta wanawake kwa maelfu. Mwaka 1965 Rufiji ilimnyima kura. Jukwaa lilimjua, jimbo lilimtupa.

Basi na utazamwe mkutano wowote wa kampeni. Wanawake hutangulia, kanga za chama viunoni, wakitia beti juu ya bei ya korosho, juu ya barabara, juu ya maji. Mpenzi wa ushairi angeitoa kalamu papo hapo, maana mle mna hoja, na pengine hoja kali kuliko zitakazofuata. Mwandishi wa habari yeye hungoja hotuba. Kesho yake huandika kwamba mkutano ulipambwa kwa ngoma. Redio hurusha kibwagizo, kama chumvi ya taarifa, kisha humpisha mgombea. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 na mashine yake ya mitungi ya nta, alizinasa nyimbo na kuuliza maana ya maneno yake. Alikuwa mgeni, na nchi ilikuwa bado inavuja damu ya Maji Maji, lakini aliuliza. Mwimbaji wa leo akishamaliza ubeti huketi mkekani bila ya kuulizwa hata jina, na kipaza sauti hupewa mwengine.