Taa za Biharusi kwa Rimoti Moja: Stara Yetu Mikononi Mwetu



Leo hatuzungumzii gauni wala hina. Tunazungumzia taa, na khasa suala ambalo wengi hawaliulizi mpaka usiku umeshafika: nani atakayeziwasha na kuzizima wakati biharusi yupo ukumbini?

Sherehe zetu za wanawake huku visiwani mnazijua. Mlango ukishafungwa, mabaibui yanawekwa pembeni, mitandio inashuka, na nywele zilizotengenezwa tangu asubuhi zinaonekana. Biharusi anatoka na mapambo yake yote, kwa sababu anajua waliopo ni wanawake wenzake. Suratun Nur, aya ya 31, imeshataja ni nani wanaoruhusiwa kuyaona mapambo ya mwanamke, na fundi wa taa hayumo.

Lakini mara nyingi fundi ndiye pekee anayejua swichi ipi ni ya taa ipi. Tuliwahi kupamba sherehe moja, taa za steji zikazimika biharusi akiwa ameshakaa. Fundi wa ukumbi akaingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, ngazi begani. Mabibi wakagombania khanga, somo akamfunika biharusi kwa kitambaa cha meza. Taa ziliwaka, lakini furaha ilishaondoka. Mama mtu alilia, na hakuna aliyeweza kumwambia basi.

Ndiyo maana sisi siku hizi tuna kanuni moja: fundi afunge taa mchana, na usiku rimoti ikae mkononi mwa mwanamke. Rimoti moja tu, kwa taa zote. Tunakuelezeni inavyofanya kazi ili na nyinyi muweze kuidai.

Rimoti moja, vipokezi vingi

Kila taa, au kila fungu la taa, linafungiwa kijisanduku kidogo kinachokaa baina ya umeme na taa. Hicho ndicho kipokezi. Ndani yake mna swichi inayojifunga na kujifungua yenyewe kikisikia amri ya rimoti.

Mfikirieni muadhini. Anaadhini mara moja tu, hapiti nyumba kwa nyumba, na kila aliye karibu anasikia. Rimoti ya mawimbi ya redio ni hivyo hivyo. Ukibonyeza, inatoa namba yake ya siri pande zote. Kila kipokezi kilichofundishwa namba hiyo kinatii, kiwe kimoja au kumi. Kisichoijua kinanyamaza.

Namba hiyo inatoka wapi? Rimoti nyingi ndogo za bei rahisi zinatumia chipu inayoitwa EV1527, ambayo ina nafasi ya namba zaidi ya milioni moja, kwa hiyo si rahisi rimoti ya ukumbi wa jirani ikaziwasha taa zenu. Rimoti za gari na za baadhi ya mageti hubadilisha namba kila zinapobonyezwa. Hizo si za kazi hii.

Kabla ya kununua

Ziko aina mbili za rimoti na zinachanganywa sana madukani. Ya kwanza ni ya mwanga usioonekana kwa macho, kama ya televisheni. Lazima uielekeze kwenye taa yenyewe, na pazia au mgongo wa mtu unaizuia. Mishumaa mingi ya betri ya mezani ni ya aina hii, ndiyo maana unabonyeza ukumbini mitatu ikawaka na miwili ikagoma.

Ya pili ni ya mawimbi ya redio, na nyingi zinatumia megahezi 433. Hii inapita kwenye pazia, kwenye maua na kwenye kuta nyepesi. Unaweza kuiweka ndani ya mkoba ukabonyeza. Kwa ukumbi tunashauri hii. Kuta nene za mawe za Mji Mkongwe na vyuma vingi vinaipunguza nguvu, basi ijaribuni pale pale ukumbini, si nyumbani.

Baadhi ya vipokezi vina waya mwembamba unaoning'inia. Ndiyo antena yake. Kwa megahezi 433, ule ulionyooka huwa na kama sentimita 17 tukiupima kwa tepu yetu ya kushonea. Usikatwe kwa sababu unaharibu sura, wala usizungushiwe chuma cha steji. Uachwe unyooke nyuma ya kitambaa.

Kuvifundisha vipokezi

Kipokezi kina kitufe kidogo cha kujifunzia. Unakibonyeza, kitaa chake kinawaka, kisha unabonyeza kitufe cha rimoti unachokitaka. Kitaa kikipepesa, kimeshashika. Unakwenda cha pili, cha tatu, mpaka umalize, kwa kitufe kile kile cha rimoti. Hesabu ya kubonyeza hutofautiana, someni karatasi yake.

Vipokezi vya kukodi vifutwe kumbukumbu kwanza. Kipokezi kimoja kinaweza kukumbuka rimoti kadhaa, na huenda aliyekikodi wiki iliyopita bado rimoti anayo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapokwama. Vipokezi vingi vina namna zaidi ya moja ya kutii. Kuna ya kitufe kimoja: bonyeza inawaka, bonyeza tena inazima. Kwa taa moja ni sawa. Kwa taa sita ni balaa. Tano zikisikia na moja isisikie, ukibonyeza tena zile tano zinazimika na ile moja inawaka. Usiku mzima zitakuwa zinapishana.

Chagueni ile ya vitufe viwili, kimoja cha kuwasha tu na kimoja cha kuzima tu. Hapo taa moja ikikosa amri, unabonyeza "washa" tena. Zilizowaka zinabaki zimewaka, na iliyochelewa inajiunga na wenzake. Hakuna atakayejua kitu.

Kwa rimoti ya vitufe vinne sisi tunapanga hivi: A kuwasha taa za steji na za njia ya biharusi, B kuzizima. C kuwasha taa kubwa za ukumbi, D kuzizima. Biharusi akiwa mlangoni, unabonyeza D, unahesabu tatu, kisha A. Ukumbi unaingia giza, halafu njia yote inawaka kwa pamoja mpaka kwenye kiti chake. Vigelegele vyake mtatusimulia.

Mipaka yake

Turudi kwa muadhini. Yeye hajui nani ameamka na nani amegeukia ukuta. Rimoti hizi nazo zinasema tu, hazisikii jawabu. Kwa hiyo anayeishika asimame mahali anapoziona taa zote, macho yake ndiyo yatakayompa jibu. Na rimoti mbili zisibonyezwe kwa wakati mmoja, zinazibana sauti.

Umeme ukikatika, vipokezi vingi havikumbuki kama taa ilikuwa imewaka. Jenereta likishika, taa zinabaki zimezima. Musimwite fundi! Namba ya rimoti bado wanayo, bonyezeni tu "washa". Laiti wangelijua haya siku ile ya kitambaa cha meza, huenda khanga zisingegombaniwa.

Kila kipokezi kina kiwango kilichoandikwa juu yake. Kilichoandikwa ampea 10, kwa umeme wetu wa volti 230, kwa hesabu ni wati 2,300. Sisi hatukifikishi hata nusu. Taa nne za LED za wati 50 ni wati 200 tu, hapo tuko salama. Lakini birika la umeme, pasi na kiyoyozi visipitishwe humo kabisa.

Na taa za ngazi na za mlango wa kutokea zibaki kwenye swichi ya kawaida ya ukutani. Mna mabibi na watoto ndani, na rimoti inaweza kuanguka ikapotea chini ya meza. Wekeni betri ya akiba pia. Nyingi ya rimoti hizi hutumia kijibetri cha volti 12 kinachoandikwa 23A au 27A, na saa tano usiku hukipati dukani.

Nani aishike

Kufunga waya za umeme ni kazi ya fundi aliyesomea. Hilo hatulichezei, na kama kuna dada aliyesomea umeme, mpeni kazi yeye kwanza. Kama fundi ni mwanamume, aje asubuhi, afunge, ajaribu kila taa mbele yenu, na awe ameshatoka kabla ya Alasiri. Hapo tena ukumbi ni wenu.

Rimoti mpeni dada mmoja mtulivu. Asiwe wifi atakayetaka kucheza, asiwe mtoto, wala asiwe somo, maana somo ana kazi yake na biharusi. Aifunge kwa utepe mkononi, na ajaribu mara tatu kabla wageni hawajaingia. Anayeshika rimoti ameshika amana.

Mabiharusi wetu, mkienda kulipia ukumbi mnauliza viti vingapi, chakula gani, saa ngapi mwisho. Ongezeni suala moja: taa zinawashwa kutoka wapi, na nani anaziwasha? Mkijibiwa "fundi wetu atakuwepo hapo hapo", waambieni shukran, afanye yake mchana na hapo hapo pawe nje ya mlango. Stara haianzi pale pazia linaposhushwa. Inaanza siku mnayopanga.

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu mapenzi na huruma, awape nuru ndani ya nyumba zenu kuliko ile ya ukumbini, na atusitiri sote duniani na akhera. Amin.